Mjadala: Binti apewe beseni au bunduki kwenye maigizo ya vita?

MamaPacha: Habari zenu ndugu. Tuko Pennsylvania, binti yangu ana miaka 19. Amejiunga na kikundi kinachoigiza Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, wale wanaovaa sare za 1863 na kulala kwenye mahema. Alitaka kuwa askari. Kiongozi akamwambia wanawake kwao ni raia: muuguzi, mpishi au dobi, achague. Amerudi analia. Ni haki hii?

Kisiki: Si haki, na mahakama ilishasema. Kuna mama alifukuzwa Gettysburg, uwanja wa ile vita ya 1863 hukohuko Pennsylvania, kwa kuvaa sare, akaishitaki serikali akashinda. Miaka ya themanini hivi.

MtotoWaPwani: Ilikuwa Antietam, uwanja mwingine wa vita ile, 1989. Lauren Cook Burgess. Walimgundua akitoka choo cha wanawake. Hukumu ilitoka 1993. Ila kaka, aliyeshitakiwa ni serikali, kwa sababu uwanja ule ni hifadhi ya taifa. Kikundi binafsi hakikuwa kwenye kesi.

MzeeDarubini: Mnalalamikia nini? Wanawake waliopigana vita ile walijificha. Sarah Edmonds alijiita Franklin Thompson. Jennie Hodgers alijiita Albert Cashier, akaishi hivyo hadi uzeeni. Ukiweza kujificha kama wao, beba bunduki. Mtazamaji akikutambua kwa hatua 20, umeharibu historia. Na dobi ni kufua tu, hakuna anayekufa kwa kufua.

ShangaziOhio: "Kufua tu"! Shikamoo mzee wangu, lakini hapo umenichoma. Susie King Taylor alizaliwa mtumwa kule Georgia, akaandikishwa dobi kwenye kikosi cha askari weusi. Akawafundisha askari kusoma, akauguza majeruhi, akasafisha bunduki, na shabaha alikuwa nayo. Zaidi ya miaka minne, hakulipwa hata senti. Jennie Wade alikuwa anakanda unga wa mkate Gettysburg, risasi ikatoboa mlango ikamuua. Elizabeth Thorn, ana mimba ya miezi sita, alichimba makaburi ya maiti karibu 100 kwenye joto la Julai. Eti hakuna anayekufa!

MzeeDarubini: Marahaba. Basi si umenisaidia? Kazi za raia zina uzito. Binti azichukue.

ShangaziOhio: Azichukue akipenda, asipangiwe. Na mtoto wetu mweusi kukabidhiwa beseni siku ya kwanza, hilo wewe halikukuwasha?

MzeeDarubini: Usinilishe maneno. Rangi nimeitaja wapi?

Kisiki: Hata kwetu ni hayohayo. Vita vya Kwanza vya Dunia, wake za askari wa Mjerumani walimfuata kamanda Lettow-Vorbeck, mtoto mgongoni, mzigo kichwani, hadi aliposalimu amri Abercorn (sasa Mbala, Zambia) 1918. Nani anawakumbuka? Wapagazi angalau wana soko la Kariakoo, jina lililotokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Nyayo254: Na Kariokor ya Nairobi je? Jina ni lilelile, kikosi kilekile cha wapagazi wa Mwingereza. Wabongo mna tabia ya kujimilikisha.

Kisiki: Nani kajimilikisha? Nimetaja soko ninalolijua.

Nyayo254: Ndiyo shida yenyewe. Mnataja mnachokijua mnaacha wengine. Wapagazi walikufa kwa maelfu, wa pande zote.

MtotoWaPwani: Acheni soko. Kisiki, neno "wake" linanikwaza. Wengine walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Mateka humwiti mke.

Kisiki: Na wengine walifunga ndoa na waume zao kabla ya vita. Usiwafute wote kwa neno moja.

MtotoWaPwani: Sijamfuta mtu. Wewe ndiye uliyewapaka wote rangi moja.

MamaPacha: Jamani, binti yangu.

ShangaziOhio: Samahani dada. Amekula?

MamaPacha: Amekula. Nimemsomea habari za Susie, akaniomba nirudie mara mbili. Sasa anasema Jumamosi ataenda kama Susie, na hiyo bunduki ataisafisha yeye mbele ya watu. Ila sare bado anaitaka, hajabadilisha neno.

MzeeDarubini: Mwanangu, mwambie tu ajiandae na swali. Kikosi cha Susie kilikuwa pwani ya Carolina Kusini. Gettysburg hakikufika.

ShangaziOhio: Mzee!