Natafuta pa kugavanaizi upya bampa na vyuma vya Land Rover 109, niko Tanga

Mkonge109
Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover 109 Series III, ilikuwa gari ya shamba la mkonge huko Muheza, injini nshamaliza na gia boksi iko poa, sasa nimefika kwenye bodi. Alumini yenyewe haina neno, ni kunyoosha tu, ila vile vyuma vilivyotoka kiwandani na gavanaizi (tabaka la zinki la kuzuia kutu) ndo vimenichosha: bampa ya mbele, zile kepingi zinazozunguka ukingo wa bodi la nyuma, bawaba na vishikio vya windskrini. Zinki imekwisha, kimebaki kijivu kilichopauka na kutu nyekundu inachungulia kwenye kona zote, na mi nakaa Raskazone huku upepo wa bahari unaipiga gari usiku kucha.

Kuna fundi mmoja Ngamiani kaniambia "hiyo nakupigia gavanaizi bosi, kesho chukua", nikafurahi, kwenda kuona sampuli kumbe ni silva ya kopo. Mi nataka ile ya ukweli ya kuchovya kama ilivyotoka. Nani ameshafanya? Niulize nini huko kiwandani, na je kepingi zile nyembamba hazitapinda? Na kuna jamaa ananishauri chesisi nayo iende hukohuko, nyie mnaonaje?

Bwana_Slegi
Mkuu acha mbwembwe, piga silva kanzu mbili, vanishi juu, nani hapa Tanga atakuja kukukagua na miwani? Hela ya kwenda Dar weka tairi.

Mkonge109
Tairi zipo bosi wangu 😂 Silva nimeiona kwenye gari ya jirani, masika moja tu ikaanza kubanduka kama magamba ya changu. Nasubiri wataalamu.

FundiDuga
Kaka kwanza uwe macho, utauziwa vitu vitatu tofauti kwa bei ya kimoja. Kuna kuchovya, chuma kinazamishwa chote kwenye zinki iliyoyeyuka, joto kama nyuzi 450 hivi, zinki inashikana na chuma chenyewe mpaka ndani ya pembe. Kuna ya umeme, inang'aa sana ila tabaka lake ni jembamba, hiyo ni ya bolti na vitu vya ndani ya boneti. Halafu kuna rangi ya zinki ya kupaka, nzuri kwa kuzibia mahali ulipochomelea lakini usikubali wakuambie ndo gavanaizi.

Viwanda vya kuchovya vipo Dar, vile vinavyofanya kazi ya minara na nguzo. Wanatoza kwa kilo na wana kiwango cha chini, kwa hiyo bampa moja utalipia sawa na mtu aliyeleta mzigo. Na ujue kwao wewe na bampa yako ni usumbufu, wao wamezoea vyuma vya tani, hivyo kazi nzuri au mbaya mara nyingi inaamuliwa hapa Tanga kabla hujapakia.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Asidi yao ya kusafishia chuma kabla ya kuchovya inatoa kutu na ile ngozi nyeusi ya chuma, HAITOI rangi, haitoi grisi, haitoi ile lami ya chini ya gari wala mabaki ya putti. Palipobaki rangi zinki haishiki, unarudishiwa chuma kina mabaka meusi na fundi wa kiwandani anakwambia ndivyo ulivyoleta, na ana haki. Kwa hiyo rangi yote ichomwe au ipigwe sandiblasti, grisi ioshwe mpaka maji yatiririke bila kugawanyika. Usiandike namba kwa rangi ya mafuta juu ya chuma, tumia kibati umekifunga kwa waya. Na waambie mapema kwamba vyuma vyako vina zinki ya zamani, maana inabidi itolewe kwanza na wengine wana tenki lake la kutolea, hawapendi ichanganyike.

La pili ni matundu. Kitu chochote chenye uwazi uliozibwa, bomba au boksi, lazima kitobolewe pande zote mbili, juu na chini, kona zinazokabiliana. Maji yakibaki ndani yakikutana na zinki ya nyuzi 450 yanageuka mvuke papo hapo, bomba linapasuka na zinki inawarukia watu. Hii siyo hadithi ya kutishana, kiwanda cha maana kikiona boksi halina tundu kinakataa kulipokea. Kile kitakachopokea tu bila kuuliza, kaka ondoka na vyuma vyako.

Mkonge109
Asante sana fundi, hii ya rangi ningeingia mkenge kabisa. Bampa iko wazi kwa nyuma haina shida. Na bolti je, nitupie kwenye ndoo moja ziende zote?

Spana_ya_Inchi
Bolti usichanganye! Zikichovywa bila kuzungushwa kwenye mashine ya kukung'uta zinki inajaa kwenye nyuzi, nati haiingii hata kwa matusi. Nati zenyewe inabidi zichongwe upana zaidi baadaye. Kwa Series nyuzi nyingi ni za inchi, UNF, tena laini, mi naona ni kujitafutia ugomvi tu. Zipeleke kwa watu wa zinki ya umeme au nunua mpya zilizopakwa tayari.

Halafu kwa bolti za milimita angalia namba ya ugumu kichwani, iliyoandikwa 8.8 haina tatizo, ila 10.9 na hasa 12.9 ni ngumu sana, asidi inaingiza haidrojeni kwenye chuma na bolti inakuja kukatika ghafla ukiwa umeshaifunga siku nyingi. Bolti za springi, za usukani, za breki, hizo acha kabisa. Na springi zenyewe asikudanganye mtu, pale hakuna cha kuchovya.

Binti_Kemia
Nimewahi kuwa upande wa ukaguzi kwenye kazi za vyuma hivi so naongeza kidogo. Waambie unataka kwa kiwango cha ISO 1461, kile cha kimataifa cha kuchovya, wakishangaa umeshapata jibu lako. Kile kiwango kinataka wastani wa mikroni 45 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita) kwa bati la chini ya milimita 1.5, mikroni 55 kwa milimita 1.5 mpaka 3, mikroni 70 kwa zaidi ya 3 mpaka 6, na 85 kwa chuma kinene kuliko hapo. Ya umeme mara nyingi ni kama mikroni 8 hivi, uone tofauti, na kwa chumvi ya Raskazone unene ndo umri. Kuna kipimo kidogo cha sumaku unakigusisha tu kwenye chuma kinasoma, omba wapime mbele yako, sehemu kadhaa siyo moja.

Kwa macho usibabaishwe na mng'ao. Yale maua maua ya zamani yanategemea kilichochanganywa kwenye zinki yao, siyo dalili ya ubora. Na chuma kingine kinatoka kijivu kimefifia kwa sababu ya silikoni iliyomo kwenye chuma chenyewe, kinalinda vilevile. Unachokataa ni hiki: sehemu iliyobaki uchi, mabonge ya majivu yaliyoganda, na chunusi za takataka ya zinki zinazokwaruza mkono. Matone yaliyochongoka pembeni unaweza kuyapiga tupa taratibu mwenyewe, ila usifike kwenye chuma.

Na ukishachukua usifunge vyuma vikiwa vimebanana na vina maji, halafu ukaweka turubai juu mpaka Tanga. Vinatoka unga mweupe. Weka vijiti katikati hewa ipite.

Mkonge109
Dada umenifungua macho. Sasa kepingi, zinapinda au hazipindi?

Babu_wa_Pangani
Vijana hamjambo. Kepingi zinaweza kupinda ndio, lakini siyo balaa. Kinachopinda vibaya ni bati jembamba lililochomelewa na chuma kinene, moja linapata moto haraka jingine linachelewa, wanagombana. Kepingi ni kipande kimoja, ombeni izamishwe mara moja yote, siyo nusu kisha igeuzwe nusu. Ikirudi na kamkunjo kidogo nyoosha kwa mikono na ubao, polepole, usiipige nyundo maana zinki itamenyeka.

Lakini kuna jambo hamjalisema. Zile kepingi zimepigwa riveti kwenye alumini. Zing'oeni kabisa, kila riveti itoke, hata kipande cha alumini kisibaki, asidi inakula alumini kama haina akili nzuri. Mipira, bushi za shaba, vyote vitoke. Na wakati wa kurudisha msikutanishe chuma na alumini vikavu. Nimezishika Land Rover hizi tangu za mashamba zikiwa mpya, ukitazama bodi lililooza utakuta limeoza pale chuma kilipogusana na alumini na zinki ikawa imekwisha, maji ya chumvi yakaingia katikati, alumini ikawa unga mweupe. Pakeni praima pande zote mbili, wekeni silanti, ndipo mpige riveti.

Mkonge109
Shikamoo babu, hapo kwenye bodi langu ndo kulivyo kabisa, unga mweupe chini ya kepingi ya kushoto. Na chesisi?

Babu_wa_Pangani
Marahaba mwanangu. Chesisi ya Series ilitoka na rangi tu, haikuwa na gavanaizi. Kama imetobokatoboka usiichovye, asidi itamaliza kilichobaki na viraka vilivyowekwa juu ya kutu vitashika asidi katikati, halafu mwakani unaona machozi ya kahawia yanatoka kwenye maungio. Kama ni nzima ipelekwe, ila ipimwe kwanza kona kwa kona na ipimwe tena ikirudi kabla hujaweka kitu juu yake.

FundiDuga
Babu kamaliza. Mi naongeza kwamba kazi yote ya kuchomelea imalizike KABLA ya kuchovya, ukichomea juu ya zinki ule moshi mweupe unakupa homa usiku, unatetemeka kama una malaria. Maziwa wanayokunywa mafundi hayatibu kitu, fungua milango, kaa upande upepo unakotoka na saga zinki kwanza pale unapochomea. Na chesisi kwa mtazamo wangu kwa gari ya kutembelea mjini na Pangani wikiendi si lazima, safisha, piga praima nzuri, mwaga nta ndani ya maboksi. Hela peleka kwenye bampa na kepingi ambazo zinaonekana.

Bwana_Slegi
Haya nimekubali, silva naifuta 😅 ila mtu akitaka kupaka rangi juu ya hiyo zinki?

Binti_Kemia
Rangi za kawaida za mafuta zinabanduka zikipakwa moja kwa moja juu ya zinki mpya. Kwanza osha, kwaruza kidogo kwa msasa laini, weka praima ya kushika zinki, ndo rangi ifuate. Ila kepingi za Series ukizipaka rangi utakuwa umeharibu sura yote ya gari, hiyo ni maoni yangu.

Geti_la_Sahare
Mkonge109 mi nina geti na fremu ya trela ya boti vinasubiri kuchovywa, sijapeleka kwa sababu hiyohiyo ya kiwango cha chini cha kilo. Tukiunganisha tutavuka, na nina mtu wa Fuso anashuka Dar na machungwa ya Muheza, anarudi mtupu, nauli ya kurudi ataelewana. Bomba za trela nshatoboa.

Mkonge109
Mkuu hapo umenigusa. Nipe muda nimalize kung'oa riveti na kuchoma rangi ya bampa, vibati vya majina vya mzigo wote nitakata mimi. Nimekutumia namba inbox, na kile kipimo cha sumaku kama kuna mtu anaazimisha aseme.

Spana_ya_Inchi
Kipimo ninacho, pitia gereji kwangu Chumbageni. Ila unakiacha kitambulisho.