Gari kukosa nguvu mlimani, tupeane uzoefu: yako ilikuwa nini?

Wakuu habari za jioni. Nina kigari cha petroli, Moshi Arusha karibu kila wiki. Mwezi uliopita kikaanza kunitesa, kushuka Boma mpaka KIA kinaenda fresh ila nikianza kupandisha kuelekea Usa River nakanyaga mafuta mpaka mwisho resi hazipandi, malori yananipita. Fundi wa kwanza akasema pampu, nikanunua, bado. Wa pili koili, nikanunua, bado! Wa tatu, mzee mmoja wa Majengo, alinisubiri giza liingie tukaizungusha kidogo barabarani, tuliporudi akaniita nichungulie chini, pale kwenye masega ya ekzosi (kile kisafisha moshi chenye vitundu vidogovidogo) pamekuwa pekundu kama mkaa wa jiko. Akafungua ile sensa ya oksijeni iliyo kabla ya masega, tukaendesha hivyohivyo na makelele yake, gari ikachomoka. Kumbe masega yameyeyuka yakaziba, moshi ukikosa pa kutokea hewa mpya nayo haiingii. Na chanzo ni plagi ilikuwa inamisi, yaani inaruka bila kuwasha petroli, muda mrefu nikaiacha, petroli isiyoungua ikawa inaenda kuunguzia huko nyuma. Hela ya pampu inaniuma mpaka leo.

Dereva wa safari, Arusha
Pole mkuu. Mimi dizeli yenye tabo (ile feni inayosukuma hewa kwenye enjini), nimebeba wageni napandisha ule ukuta wa Mto wa Mbu kwenda Karatu, ghafla nguvu hamna, moshi mweusi, nikikanyaga nasikia shiiii. Mpira wa hewa unaotoka intakula, kile kipoza hewa ya tabo, ulichanika upande wa chini, kwa juu unauona mzima kabisa, ni mpaka upitishe mkono. Nikauzungushia tepu tukapanda mdogomdogo.

Mama Usa
Yangu eya klina tu. Niligonga kwenye tairi vumbi likamwagika kama unga wa sembe.

Mgeni wa Njiro
Nimehamia kutoka Dar, gari imekuwa nzito kidogo, ila haimisi na taa ya cheki enjini haiwaki. Nianzie wapi?

Dereva wa safari, Arusha
Arusha tupo kama mita 1,400 juu ya bahari kaka, hewa ni nyepesi, enjini isiyo na tabo inapoteza zaidi ya asilimia 10 hivi. Ila ukisimama shika rimu zote nne, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake breki imekamata, enjini usiiguse.