Tumelipa redio itangaze msiba wetu, wakauweka Instagram. Shangazi yangu hakumzika mdogo wake

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba uzi huu uachwe ulipo, msiuunganishe na ule wa watangazaji wa michezo. Huu ni wa msiba.

Baba mdogo alifariki Jumatano usiku, Mwanza. Familia ikakubaliana azikwe kwao Sengerema, Jumamosi saa nane mchana. Alhamisi asubuhi nikatumwa mimi nipeleke tangazo redioni. Jina la kituo naliacha, wenyewe wakisoma watajijua. Ni redio ambayo sisi wa visiwa vya Ziwa Victoria tumekua nayo, na ni hiyohiyo iliyokuwa inatujulisha nani katutoka.

Tangazo nililiandika kwa mkono, kama yanavyoandikwa siku zote. Habari ziwafikie dada yake aliyeko Ukara, ndugu walioko Kome, shemeji zake wa Nansio, na wote waliofanya naye kazi kwenye pamba popote walipo. Nikalipa elfu thelathini lisomwe mara tatu: Alhamisi saa saba mchana, Alhamisi saa moja na nusu jioni, na Ijumaa asubuhi. Risiti ninayo.

Halikusomwa hata mara moja.

Shangazi, huyo dada yake wa kisiwani Ukara, ana miaka 74. Redio yake inakaa dirishani, imefungwa mpira wa baiskeli kwa sababu mfuniko wa betri ulishapotea. Antena ilikatika miaka mingi, kwa hiyo amechomeka waya wa shaba unaotoka nje hadi kwenye mwembe. Kwenye kioo cha masafa mjukuu wake amemwekea alama ya rangi ya kucha, ili mshale ukisogea ajue pa kuurudisha. Betri zikichoka anazianika juani, zikishindwa kabisa ndiyo anatuma mtu dukani. Redio ile haichezi kutwa. Inafunguliwa kwa taarifa ya habari na kwa matangazo ya vifo, kisha inazimwa ili betri zidumu.

Alhamisi ile saa moja na nusu aliifungua. Nimemuuliza mwenyewe, nikiwa nimekaa naye mlangoni kwake. Akaniambia, "Baba, nilisikiliza mpaka saa tatu. Nikasema leo hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Nikazima."

Muda wa matangazo ya vifo siku hizi kuna kipindi cha mikeka ya kubeti. Timu gani ifunge, weka elfu moja upate laki tatu, ingia kwenye ukurasa wetu ushinde vocha. Taarifa za kifo cha mdogo wake alizipata Jumatatu kutoka kwa mtu aliyekuja na mtumbwi. Kaburi lilikuwa na siku mbili.

Najua mtaniuliza kwa nini hatukumpigia simu. Tulimpigia, na kitochi chake kilikuwa kimezimika chaji. Tukampigia jirani, hapatikani. Mliowahi kufika upande ule mnajua mtandao wake ulivyo. Na hata simu ingepatikana, je, namba za watu waliofanya kazi na marehemu miaka ya themanini nazitoa wapi? Simu unampigia mtu ambaye namba yake unayo. Tangazo la redio linamfikia mzee mmoja kisiwani ambaye humjui kabisa, anasema huyu nilishika naye jembe, anamtuma mwanawe aje na kilo tano za mchele. Sisi tumezikwa hivyo siku zote.

Lingesomwa jioni ile, Shangazi angetoka alfajiri ya Ijumaa. Angevuka kutoka Bwisya pale Ukara kwenda Bugolora, gari mpaka Nansio, meli mpaka Mwanza, alale kwa binti yake, Jumamosi asubuhi kivuko cha Kamanga. Saa nane angekuwa kaburini. Safari hiyo ameifanya mara ngapi kwa misiba ya watu baki!

Jumanne nikarudi kituoni na risiti yangu. Dada wa mapokezi akafungua simu yake, akanionyesha. "Lilitoka kaka, hili hapa." Ilikuwa picha ya mshumaa Instagram, jina la baba mdogo limekosewa herufi moja, na chini yake watu wameweka vidole gumba. Nikasema mimi nililipia redio. Akaniitia mkubwa wake wa vipindi. Kijana mstaarabu tu, hakunifokea. Akaniambia matangazo ya vifo wameyahamishia mitandaoni kwa sababu huko ndiko watu waliko. Halafu akasema maneno ambayo mpaka leo yananinyima usingizi: "Kaka, siku hizi nani anasikiliza redio?"

Anayasema hayo amekaa chini ya mnara wa redio. Mshahara wake unatoka kwenye redio. Na tarehe 13 Februari, Siku ya Redio Duniani, wanakata keki na kutupongeza "wasikilizaji wetu wapendwa".

Tatizo ninaliona na sitaki kulizungushia maneno. Mtu wa Instagram anahesabika. Akibonyeza inaonekana, na mwenye kampuni ya kubeti anaonyeshwa hiyo namba anatoa hela. Shangazi hana cha kubonyeza. Anasikiliza, anatikisa kichwa, anazima. Kwa hesabu zao mtu wa namna hiyo hayupo. Basi wamewafuta hivyohivyo wavuvi kambini, walinzi wa usiku, mama anayepukuchua mahindi, dereva wa lori, na vipofu ambao picha ya mshumaa haiwasaidii kitu.

Wenye kusema redio ni mambo ya zamani nawaomba waangalie nchi hii imejengwa na nini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliendeshwa kwa redio. Watu kama milioni 2 walikaa kwenye vikundi, wanasikiliza pamoja, wanajadili, kisha wanatoka wanachimba vyoo na kufukia madimbwi. Mwaka 1993 Radio Tanzania ikaanza mchezo wa Twende na Wakati kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Dodoma mchezo haukurushwa mpaka 1995, kwa makusudi, ili watafiti walinganishe. Palipokuwa na mchezo watu wengi zaidi walianza kutumia uzazi wa mpango kuliko Dodoma, na Dodoma nako walipoanza kuusikia, mambo yakabadilika. Yaani redio imepimwa kisayansi hapahapa kwetu ikaonekana inabadilisha maisha ya watu, leo mtu wa vipindi anauliza nani anasikiliza.

Mtasema hayo ni ya kale. Haya, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, intaneti ikazorota nchi nzima. Siku nane nyuma yake kimbunga Hidaya kilikuwa kimepiga pwani yetu. Fikiria hayo mawili yangekutana siku moja, ukurasa wao ungemwambia nini mvuvi wa Mafia? Sisi wa ziwani tuliona kivuko cha MV Nyerere kinapinduka karibu kabisa na Bwisya, Septemba 2018. Siku zile nyumba nzima tulikaa kimya kuizunguka redio, hakuna aliyethubutu kugusa mshale.

Sikatai kurasa zao. Waweke, mimi mwenyewe ninazo na hapa natumia simu. Kinachoniuma ni kuondoa kile cha wote ili kutengeneza cha wachache, na hela ya tangazo wakaendelea kuipokea kana kwamba hakuna kilichobadilika. Masafa wanayorushia ni ya umma, wamekodishwa kwa leseni. Hawakupewa wapigie debe mikeka kuanzia asubuhi mpaka usiku, na robo saa ya kutuzikia ndugu zetu ikakosekana.

Elfu thelathini walitaka kunirudishia. Sikuichukua. Nimewaambia ninachotaka ni mtangazaji akae kwenye maiki saa moja na nusu, asome jina la baba mdogo lilivyoandikwa kwenye karatasi yangu, na aseme kwamba tangazo hili lilipaswa kusomwa wiki iliyopita, dada yake aliyeko Ukara atusamehe. Wakasema watalijadili kwenye kikao. Leo ni siku ya kumi na moja.

Shangazi bado anafungua redio saa ileile. Nilimwambia asihangaike, wameacha kusoma. Akasema labda wataanza tena, na akiacha kufungua atajuaje.

Wadau wa Kanda ya Ziwa, naomba msaada. Kama kuna kituo bado kinasoma matangazo ya vifo jioni, na kinashika Ukara bila kukwaruza, wekeni masafa yake hapa pamoja na saa. Arobaini ya baba mdogo ni mwezi ujao. Nikienda kumchukua nitabeba chupa ya rangi ya kucha, nimwekee alama mpya.