Fedha ya ioni, ya koloidi na ya nano: mwili unaipokeaje kila moja?

Mdadisi_Kemia:
Wakuu, naomba ufafanuzi kwa anayejua kemia ya mwili. Kuna maji ya fedha (haya madini, si pesa) ya kunywa yanayouzwa kwa majina matatu: ioni (atomu zenye chaji, zilizoyeyuka), koloidi (chembe ndogo zinazoelea majini) na nano (chembe za kipimo cha nanomita). Chupa zote zimeandikwa ppm 10, na kila muuzaji anadai ya mwenzake haifyonzwi. Je, tofauti hiyo inabaki ikishafika tumboni? Mwili unaitumia fedha kwa kazi gani? Na ile krimu ya majeraha ya moto ya silva salfadiazini (fedha iliyounganishwa na antibiotiki ya salfadiazini), nayo inaingia kwenye damu?

Mizani:
Naanza na la pili kwa sababu ni fupi: hakuna kazi. Shaba, zinki na chuma vina vimeng'enya vinavyovitegemea. Fedha haina hata kimoja, na hakuna ugonjwa wa upungufu wa fedha. Kazi ya mwili ni kuifunga na kuitoa.

Sasa tumboni. Ioni ya fedha ikikutana na asidi ya tumbo inakuta kloridi tele, na papo hapo sehemu kubwa inageuka kloridi ya fedha, unga mweupe usioyeyuka kirahisi. Kiasi kidogo hubaki kimeyeyuka kwa kushikana na kloridi za ziada. Chembe za koloidi na za nano zinafika hapo hapo kwa njia ndefu: asidi na oksijeni huzila kutoka juu zikitoa ioni, na ndogo huliwa haraka kuliko kubwa kwa sababu uso wake ni mpana ukilinganisha na uzito. Nyingine hugandana na kupita na choo. Kwa hiyo umbo linaamua zaidi kasi. Kinachovuka ukuta wa utumbo, kwa sehemu kubwa, ni ioni ile ile.

Kumbuka pia ppm ni miligramu kwa lita, basi. Haisemi lolote kuhusu umbo.

Nyongo_na_Ini:
Niendelee pale Mizani alipoishia. Kwa wanyama wa maabara, chini ya asilimia 10 ya fedha iliyomezwa ndiyo hufyonzwa. Ioni yake inafanana na ya shaba yenye chaji moja, hivyo inaweza kupita kwenye mlango wa seli unaopitisha shaba. Kwenye damu haitembei peke yake: inang'ang'ania salfa iliyo kwenye albumini (protini ya damu) na glutathioni (molekuli ndogo ya kinga ya seli). Ini huikamata na kuimwaga kwenye nyongo, na nyingi hutoka na choo kikubwa. Kwenye mkojo huonekana kidogo sana.

Isiyotoka ndiyo yenye matatizo. Ikifika kwenye ngozi, mwanga huirudisha kuwa fedha ya metali, kisha inajifunga na salfa na seleni. Punje hizo hukaa kuzunguka tezi za jasho, ngozi inakuwa ya kijivu-bluu, zaidi usoni na mikononi panapopigwa na jua. Hali hiyo inaitwa ajiria. Dawa za kuvuta metali mwilini haziiondoi, kwa sababu punje zile haziyeyuki. Leza ya nanomita 1064 hupunguza rangi, lakini ni kipande kwa kipande na inauma.

Hesabu_Kwanza:
Fanyeni hesabu kabla ya kubishana majina. Kiwango rejea (kiasi cha kumeza kila siku kisichotarajiwa kudhuru) cha EPA, shirika la mazingira la Marekani, ni mikrogramu 5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, yaani 350 kwa mtu wa kilo 70. Kijiko cha chai (ml 5) cha ppm 10 kina mikrogramu 50. Glasi ya ml 250 ya maji yale yale ina 2,500, sawasawa na kijiko kimoja cha ppm 500! Shirika la Afya Duniani linataja gramu 10 kwa maisha yote kuwa kiasi kisicho na madhara; mwenye kunywa glasi hiyo kila siku anazifikisha ndani ya miaka 11 hivi.

Tena fedha hupunguza ufyonzwaji wa levothairoksini (dawa ya tezi ya shingo) na wa antibiotiki za jamii ya tetrasaiklini na kwinoloni. Tangu 1999 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haizitambui dawa za koloidi ya fedha zinazouzwa bila cheti cha daktari kuwa salama wala zenye kufanya kazi.

Mdadisi_Kemia:
Nimewapata. Nyumbani naweza kujua chupa ina ioni au chembe?

Mizani:
Kwa kukadiria, ndiyo. Mimina kwenye glasi safi, zima taa, pitisha mwanga wa leza ubavuni. Mstari ukionekana ndani ya maji, kuna chembe. Kisha tia punje chache za chumvi: ukungu mweupe ukitokea papo hapo, kuna ioni. Uweke juani, ukungu utageuka zambarau-kijivu. Nyingi zinazoitwa koloidi zinafanya vyote viwili, maana ni mchanganyiko.

Kidonda_Safi:
La krimu limesahaulika. Silva salfadiazini ya asilimia 1 hupakwa unene wa kama milimita 1.5, mara moja au mbili kwa siku, baada ya kuosha mabaki ya jana. Fedha yake huingia kidogo. Salfadiazini ndiyo huingia zaidi, hadi kama asilimia 10 kwenye jeraha kubwa. Chembe nyeupe za damu zinaweza kushuka siku ya 2 hadi ya 4, kisha hupanda zenyewe. Haipakwi mtoto wa chini ya miezi 2 wala mjamzito aliyekaribia kujifungua: salfadiazini huisukuma bilirubini (ile rangi ya manjano ya damu) kutoka kwenye albumini, nayo hudhuru ubongo wa mtoto. Utando wa kijivu unaotokea juu ya jeraha ni krimu iliyochanganyika na majimaji ya kidonda. Wengi huudhani usaha.

Nitrati ya fedha ya asilimia 0.5 ina hatari tofauti: inanyonya kloridi kutoka kwenye jeraha na sodiamu inafuata, kwa hiyo kwenye majeraha mapana chumvi za damu lazima zipimwe. Na bandeji yenye fedha ya nano ilowesheni kwa maji safi yasiyo na vijidudu. Ukitumia maji ya chumvi ya asilimia 0.9, unatengeneza ule ule unga mweupe wa Mizani, safari hii ndani ya bandeji.