MREJESHO: Ile ekinasea ya rangi ya chungwa iliyokuwa inanyauka

Wakuu nimerudi. Kwa ambao hawakuwepo, mwaka juzi niliuliza kuhusu ekinasea yangu (ua la bustanini) chotara, mchanganyiko wa aina mbili za ekinasea, purpurea na paradoxa (purpurea ni ya pinki, paradoxa ndo yenye maua ya njano, hiyo chungwa inatokea huko), majani yalikuwa yamelegea na mimi nazidi tu kumwagilia. Mkanambia nifukue. Aisee, pale shina linapokutana na mizizi palikuwa peusi, ukibonyeza panateleza kama sabuni, kumbe maji yalikuwa yanatuama. Nikakata palipooza, nikainua tuta, nikachanganya kokoto, na wewe uliyesema nikate maua yote mwaka wa kwanza ili nguvu iende kwenye mizizi nilikutukana kimoyomoyo ila nilikata, nikabakiza moja tu kwa ubishi.

Sasa hivi ina vichwa saba! Vinafunguka chungwa kali halafu vinapauka taratibu mpaka pinki, na ile miiba miiba ya katikati nyuki hawabanduki. Mbegu za lile ua la ubishi zimeota chache, zimetoa pinki ya kawaida tu, hazijafanana na mama yao hata kidogo. Nikitaka nyingine itabidi nigawanye shina pamoja na mizizi yake, ila kwa sasa siligusi.