Naomba ushauri: trekta dogo na matairi ya kufaa shamba la mchanga, Mbuguni

Mleta mada

Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Nina shamba la ekari 14 huku Mbuguni, ambako nalima vitunguu na nyanya kwa umwagiliaji, na mahindi wakati wa masika. Upande wa juu ni udongo mweusi usio na shida kubwa, lakini zaidi ya nusu ya shamba, ule upande unaopakana na korongo, ni mchanga ulioletwa na mafuriko mwaka hadi mwaka, mwepesi kiasi kwamba wakati wa kiangazi ukitembea viatu vinajaa. Siku zote nimekuwa nikikodi trekta, na sasa wenye matrekta wameanza kukataa kuingia upande huo. La mwisho kuingia lilikwama plau likiwa ardhini: magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale mpaka ekseli ikalala juu ya mchanga, na dereva kila akikanyaga mafuta ndivyo lilivyozidi kuzama.

Nimeamua kununua langu. Nimepata mawili ninayoweza kuyamudu, yote yakiwa yametumika. Moja ni trekta dogo kutoka Japani la nguvu za farasi 28, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Jingine ni Massey Ferguson 240, lenye nguvu zinazokaribia farasi 50, ambalo linavuta kwa magurudumu ya nyuma peke yake. Naomba mnisaidie kufikiri: lipi litafanya kazi mchangani bila kunitesa, na nilifunge matairi ya aina gani? Pia nitahitaji kuvuta tela la vitunguu kutoka shambani hadi barabarani.

Mkulima wa Kahe

Dada, hongera kwa hatua hiyo. Ningekuomba usianze na hesabu ya farasi, kwa sababu farasi wanaoandikwa kwenye injini sio wanaofika kwenye plau. Hata kwenye ardhi ngumu sehemu ya nguvu hupotea kati ya injini na jembe, na kwenye ardhi laini kama mchanga mkavu kinachobaki cha kuvuta huweza kuwa chini ya nusu. Kwa hiyo trekta la farasi 50 linaloteleza linaweza kushindwa kazi ambayo trekta la farasi 28 linaloshika ardhi litaifanya taratibu na kuimaliza.

Kasoro ya trekta linalovuta nyuma peke yake iko pia mbele. Yale matairi membamba ya mbele yenye mistari hayavuti chochote. Kazi yake ni kuongoza, na yakifika mchangani yanausukuma mbele yake badala ya kupanda juu yake, hivyo magurudumu ya nyuma yanabeba mzigo wa plau na mzigo wa kusukuma pua ya trekta kwa wakati mmoja. Ukikata kona kali ndipo utaliona jambo hili: usukani umegeuka, trekta linaendelea kwenda mbele. Mimi shamba langu lina mchanga kiasi tu, na hata hivyo nisingerudi kwenye trekta lisilovuta mbele.

Mzee wa Shamba

Binti yangu, nakubaliana na mwenzangu kuhusu kuvuta mbele, lakini usilidharau Massey. Spea zake zinapatikana Arusha mjini na Moshi, na mafundi wanaolijua hawahesabiki. Vyombo vingi vinavyouzwa na kukodishwa hapa, kuanzia plau la diski hadi haro (ya kuvunjavunja mabonge), vimetengenezwa vifungwe kwenye mikono ya nyuma ya matrekta ya ukubwa huo. Matrekta madogo yaliyotumika Japani mengi yana mikono mifupi, na baadhi yana kifungio cha rotaveta (jembe la meno yanayozungushwa na injini) cha kwao wenyewe ambacho hakikubali chombo kingine bila kuchomelea. Kabla hujalipa, beba vipimo vya pini na upana kati ya mikono, kisha uende navyo kwa wauza majembe. Na kama bado unalipenda Massey, jaza maji kwenye matairi ya nyuma. Uzito ndio ushikaji.

Fundi Matrekta, Arusha

Naomba niingie kwenye matairi, kwa sababu ndiyo kiini cha swali lako.

Dada, nenda ukaangalie matairi ya hilo trekta la Japani kwa makini. Mengi ya matrekta hayo yalikuwa yakifanya kazi kwenye majaruba ya mpunga, na yanafika na matairi yaleyale: membamba, yenye kashata (yale meno ya mpira ya tairi) ndefu na zilizoachana sana. Mtu akiyaona anasema haya ndiyo yatashika. Kwenye jaruba ni kweli yanashika, kwa sababu chini ya tope kuna tabaka gumu, na kashata ndefu zinapenya tope mpaka zilifikie. Mchangani kwako hakuna tabaka la kufikia. Kashata hizo zitauchota mchanga na kuutupa nyuma kama koleo, na kila mzunguko utakuwa unachimba shimo la trekta lenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, wale watakaokushauri ufunge magurudumu ya chuma kama ya kwenye skimu za mpunga, wasikilize kwa adabu na usiyafunge.

Unachotaka mchangani ni tairi linaloelea, lenye unyayo mkubwa na upepo kidogo. Mgandamizo ambao tairi linauweka juu ya ardhi hukaribiana na upepo uliomo ndani yake, hivyo ukipunguza upepo tairi linalala, unyayo unarefuka, na mchanga unabebeshwa mzigo mdogo kwa kila inchi. Unyayo kurefuka una faida kuliko kupanuka, kwa sababu tairi pana linakuwa na mchanga mwingi zaidi wa kusukuma mbele yake. Matairi ya radial, yale yenye mbavu laini, yanalala vizuri kuliko ya kawaida, ila kwa saizi ndogo ni adimu na bei yake ni kubwa.

Kuhusu aina, tazama maandishi ya ubavuni. R-2 ndiyo ya mpunga, achana nayo. R-4 ni ya mitambo ya ujenzi, na mbavu zake ni ngumu, kwa hiyo hata ukipunguza upepo halilali inavyopasa. R-3, yenye kashata fupi za kukatia majani ya viwanjani, ndiyo inayoelea vizuri kuliko zote, na kama shamba lako lote lingekuwa mchanga mtupu ningekushauri uichukue. Lakini una udongo mweusi upande wa juu, na masika R-3 ikishajaa tope inateleza kama ndala. Kwa shamba lako chukua R-1, ile ya kilimo ya kawaida, pana kadiri rimu inavyoruhusu. Namba kama 13.6-28 maana yake ni upana wa inchi 13.6 na rimu ya inchi 28.

Jambo moja usilisahau: kwa trekta linalovuta mbele na nyuma, saizi za mbele na za nyuma zimepangwa kwa uwiano wa gia. Ukibadilisha za nyuma peke yake ukaweka kubwa zaidi, ekseli mbili zitaanza kushindana na utaua gia za mbele. Badilisha zote nne kwa uwiano uleule. Na ukifika lami, toa mvuto wa mbele.

Mzee wangu, kuhusu maji sikupingi moja kwa moja. Mchanga hushika kwa msuguano, na msuguano unataka uzito. Huku kwetu hakuna barafu, maji ya kawaida yanatosha, na hujazwa hadi robo tatu ya tairi, valvu ikiwa juu. Lakini tairi lenye maji linakuwa gumu, na uzito huo unaubeba hata siku ambayo huvuti kitu. Afadhali vizito vya chuma, ambavyo vinafungwa na kufunguliwa.

Mleta mada

Nashukuru sana, na kwa kweli nimeenda kuangalia: matairi ya lile la Japani ni yaleyale ya mpunga. Nimebakiwa na maswali mawili. Huku kuna migunga mingi na miiba yake ni mirefu, je, nikipunguza upepo sitakuwa naziba pancha kila siku? Na nitajuaje kwamba trekta linateleza kupita kiasi kabla halijakwama?

Fundi Matrekta, Arusha

Miiba ni sababu nyingine ya kuchagua R-1 yenye PR (kipimo cha uimara wa tairi) 6 au 8 badala ya R-3. Kuhusu upepo, usishuke chini ya kiwango cha mtengenezaji kwa uzito unaoubeba. Kwa matrekta madogo mara nyingi utajikuta kwenye psi (kipimo cha upepo) 12 hadi 14 shambani, na unauongeza ukienda barabarani na tela. Nunua geji ya upepo mdogo, kwa maana ile ya magari haisomi vizuri huko chini. Na chora mstari wa rangi unaoanzia kwenye rimu na kuingia kwenye tairi: siku ukiona mstari umekatika na vipande vimeachana, tairi limezunguka juu ya rimu kwa upungufu wa upepo, na kama lina tyubu, valvu iko karibu kung'oka.

Kuteleza kunapimika. Weka alama ya chaki kwenye tairi la nyuma, tembeza trekta plau likiwa juu kwa mizunguko kumi, weka kijiti pale ulipoanza na pale ulipoishia. Rudia umbali huohuo plau likiwa ardhini, uhesabu tena. Ikiwa mizunguko kumi imekuwa kumi na moja na nusu, kwa mchanga uko vizuri. Ikifika kumi na mbili uko mpakani. Ikifika kumi na tatu, punguza kina cha plau au ongeza uzito.

Mkulima wa Kahe

Naongeza la usalama, maana limeua watu. Trekta likikwama, acha mafuta, shusha mzigo, fungua plau, chimba mchanga mbele na nyuma ya magurudumu, kisha jaribu kutoka kinyumenyume. Usikubali mtu afunge gogo kwenye magurudumu ya nyuma ili yapande juu yake: magurudumu yakizuiwa, injini inaligeuza trekta lenyewe kuzunguka ekseli, na pua inainuka na kumwangukia dereva kabla hajafika kwenye klachi. Ukivutwa au ukivuta, mnyororo ufungwe chini kwenye ndoano ya tela, kamwe usifungwe juu ya ekseli. Difu loki, ile inayofanya magurudumu mawili ya nyuma yazunguke pamoja, ifungwe kabla gurudumu halijaanza kuteleza, na iachiwe kabla ya kona.

Kwa upande wa mchanga fikiria rotaveta nyepesi au haro badala ya plau zito. Meno ya rotaveta yanapozunguka yanalisukuma trekta mbele, hivyo hayadai mvuto mwingi, ila pitisha mara moja tu, kwa sababu mchanga uliosagwa sana haushiki maji. Lima ukiwa na unyevu: mchanga uliopata maji jana unabeba trekta kuliko mkavu. Tela liwe la ekseli moja, kwa kuwa sehemu ya mzigo wake inakandamiza magurudumu ya nyuma ya trekta, na upana wa magurudumu yake ulingane na wa trekta yapite kwenye njia ileile.

Mzee wa Shamba

Binti yangu, baada ya kusoma haya, chukua hilo la Japani, lakini bei ya matairi manne uitoe kwenye bei ya muuzaji kabla ya kukubaliana. Pita CAMARTEC, kituo cha serikali cha zana za kilimo na teknolojia vijijini, wapo hapohapo Arusha na kupima zana za kilimo ni kazi yao, uwaulize kuhusu modeli hiyo. Siku ya kwenda kulikagua, fungua filta ya hewa mwenyewe, upitishe kidole kwenye bomba linaloingia injini, upande wa ndani wa filta. Ukikuta vumbi la mchanga pale, injini imeshakula mchanga, na hapo usijadili bei tena.