Eti "nimekuja kumalizia kazi yangu"! Kazi gani tena, wakati dakika ya 61 ulishamaliza kila kitu?

Mnazi wa Kona (mleta uzi):
Wakuu, habari za jioni. Yangu si nzuri na pole zenu sizitaki.

Kocha wetu wa zamani ameletwa tena. Yule yule. Msijifanye hamumjui: kofia ile ile, kijitabu kile kile anachoandika mechi nzima halafu hakisomi. Leo saa kumi wamemsimamisha katikati ya uwanja, wamemvisha skafu, wachezaji wamepanga mstari kama wanapokea Mwenge. Akaulizwa ana neno gani kwa mashabiki. Akavuta pumzi, akatazama mbali kama mshairi, akasema: "Nimekuja kumalizia kazi yangu."

KUMALIZIA?

Kaka, uliimaliza. Dakika ya 61 uliimaliza kazi, ukamaliza nafasi za mabadiliko, ukamaliza msimu, na nusura ummalize mzee wetu wa ngoma kwa presha. Kimebaki nini cha kumalizia, nyavu?

Kwa mliokuwa mmelala: mechi ya mwisho ya ligi ya mkoa, sare tu inatupa ubingwa na safari ya Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Tunaongoza 1-0. Dakika ya 52 anatoa winga, anaingiza winga. Dakika ya 57 anatoa namba sita (kiungo wa kukaba), anaingiza namba sita. Dakika ya 61 anamtoa yule yule winga aliyemwingiza dakika ya 52! Mtoto hajatoka hata jasho, soksi bado zina mikunjo ya dukani! Dakika ya 78 kipa anavunjika kidole. Kipa wa akiba yupo pembeni, glovu mkononi, mzima wa afya, nywele kachana. Haingii. Golini anakwenda beki wa kushoto, ambaye akiruka kwa nguvu zake zote mwamba anaugusa kwa macho.

2-1. Ndiyo maana mpaka leo tuko Daraja la Tatu tunacheza na timu zinazokuja kwa bajaji mbili, na moja ni ya kukodi.

Hoja nyingine sina. Dakika ya 61. Nawasilisha.

Kijiwe Nongwa:
Nimekaa siti ya mbele, mihogo mkononi.

Filimbi Baridi:
Mleta uzi lia, ila lia kwa usahihi, maana humu kuna watu wanadhani alimaliza mabadiliko. Hakumaliza. Wachezaji wanaoruhusiwa kuingia ni watano, yeye aliingiza watatu. Alichomaliza ni nafasi. Ukipewa mabadiliko matano unayafanya kwa kusimamisha mchezo mara tatu tu. Mapumziko hayahesabiwi. Timu zote mbili zikibadilisha kwa wakati mmoja, kila timu inahesabiwa imetumia nafasi yake moja.

Kwa hiyo winga na namba sita ungewabadilisha wote mapumziko, bure, na ukarudi kipindi cha pili na nafasi zako tatu hazijaguswa. Ukishindwa hapo, basi waingize wawili kwa mpigo. Nafasi ya tatu inafungwa kibindoni kwa ajili ya kipa na majeruhi mpaka dakika za nyongeza. Hilo hata benchi la timu ya mtaa linajua.

Yeye alitumia moja moja kama mtu anayenunua sukari ya kupima.

Mnazi wa Kona:
Asante Filimbi! Moja moja! Tena ya mwisho kwa winga aliyecheza dakika TISA!

Povu Jingi:
Mkuu, kwa povu hili ulilotoa jezi zote za timu zingefuliwa na zikabaki sabuni za kuoshea basi. Ila nakumbuka hatuna basi.

Kijiwe Nongwa:
Swali kwa Filimbi. Kipa angeumia kichwa je?

Filimbi Baridi:
Hapo kuna mlango wa pembeni, wa mchezaji anayehisiwa kupata mtikisiko wa ubongo. Ni badiliko la ziada, haliangalii idadi wala nafasi ulizotumia, na wapinzani nao wanapewa la ziada. Lakini ni mpaka kanuni za mashindano husika ziwe zimelipitisha kabla. Kidole hakina mlango huo. Kidole ni kidole.

Povu Jingi:
Kwa hiyo kipa alikosea kuumia. Yaani angechagua kiungo vizuri tungekuwa mabingwa.

Mti Mkavu:
Naomba nipigwe mawe taratibu. Nani aliyewafundisha mabeki wetu kupanda pamoja? Kabla yake walikuwa ngazi, kila mmoja na kidato chake, wa kulia yuko kati ya uwanja, wa kushoto anasalimiana na kipa. Yeye ndiye aliyewafunga kamba kiunoni mazoezini wanne kwa mpigo, akivuta mmoja wanasogea wote. Msimu ule tulifungwa mabao machache kuliko timu zote za kundi.

Na kurudi si dhambi. Kocha Pluijm aliondoka Yanga 2014, mwaka haujaisha akarudishwa, akachukua ubingwa wa 2014/15 na 2015/16. Zidane alirudi Real Madrid Machi 2019, mwaka uliofuata akabeba La Liga.

Jezi Kuukuu:
Na kocha Phiri je? Simba yake ya 2009/10 ilitwaa ubingwa bila kupoteza mechi hata moja. Wakamrudisha 2014, msimu hakuumaliza. Mourinho naye alirudi Chelsea 2013, akachukua ligi 2015, na Desemba ya mwaka huo huo akafungashiwa. Ukileta mifano leta yote, usichambue kama mchele.

Mnazi wa Kona:
Mti Mkavu, Zidane alirudi akamkuta Courtois golini. Huyu golini aliweka BEKI WA KUSHOTO. Jezi ya kipa ilimfika magotini, akawa kama amevaa kanzu ya Idi.

Beki Mstaafu:
Mnapigia kelele dakika ya 61 mnaisahau ya 84. Kukosa kipa ni ajali. Kufungwa vile ni uzembe.

Ukiwa na mchezaji wa ndani, asiye kipa, golini, kona zinapangwa upya palepale, husubiri mapumziko. Watu wawili wanashika nguzo. Namba tisa wako, mshambuliaji mrefu, anarudi kusimama katikati ya boksi dogo, ile mita 5.5, kazi yake ni kichwa tu. Anayedaka anaambiwa abaki kwenye mstari, asitoke hata aite mama. Na mabeki wanaambiwa mpira wowote wa wasiwasi upigwe pembeni uwe wa kurusha, msitoe kona.

Yeye akaacha mpangilio ule ule wa kipa halisi, ule wa kulinda maeneo, ambao nguzo ya karibu inaachwa wazi kwa kuamini kipa ataufuata mpira. Kona ikapigwa chini, nguzo ya karibu, ikadunda mara moja, ikaingia. Haukuguswa na mtu. Mpira uliingia wenyewe kama paka anayejua nyumba yake.

La pili ndiyo usiseme. Mpira wa kurusha mrefu, mabeki wetu wanne wakanyoosha mikono wakidai kaotea. Sheria ya 11, ile ya kuotea, iko wazi: ukiupokea moja kwa moja kutoka kwenye mpira wa kurusha, kona au goli kiki, hakuna kuotea. Mistari ilipanda pamoja vizuri sana, Mti Mkavu, hongera. Walipanda wote wanne wakamwacha mtu peke yake na beki mwenye glovu.

Mti Mkavu:
Nimeelewa. Naendelea kubaki, lakini nakaa chini.

Shilingi Mbovu:
Mnasahau mchezo ulipotea kabla ya filimbi. Uwanja ule unashuka kuelekea upande wa shule, kila mtu anajua. Kipindi cha pili unatakiwa ushambulie mteremko, wakati miguu imeisha. Tangu 2019 anayeshinda shilingi anachagua: goli la kushambulia kwanza, au kuanzisha mpira. Nahodha wetu alishinda shilingi. Akageuka benchi kuuliza. Benchi likaonyesha ishara ya mpira: tuanze sisi!

Yaani ulipewa mlima mzima uchague upande, ukachagua kupiga pasi ya kwanza. Wapinzani wakachagua goli bila hata kujadiliana. Dakika 45 za mwisho tunapanda, wao wanateremka kama maji ya mfereji.

Mnazi wa Kona:
HILI NILIKUWA SIJUI. Nimezidi kuumwa. Kwa hiyo winga alitolewa dakika ya 61 akiwa bado anapanda mlima?

Povu Jingi:
Alitolewa kabla ya kufika kileleni.

Jezi Kuukuu:
Wakati mnalia na kocha, hakuna anayegusa suala la jezi. Dakika ya 57 ile mnayoitaja, aliyeingia alivaa jezi namba 8, ila upande wa kushoto wa 8 ulishabanduka ikawa 3. Tulikuwa na namba 3 wawili uwanjani, na mmoja wao baadaye akavaa glovu! Mwamuzi wa akiba aliandika, akafuta, akaandika. Tumelipa fundi kwa jezi 22, namba zinadondoka kama majani ya mkorosho.

Pasi na Uzi:
Hilo ni kosa la pasi ya kunyooshea nguo, si la fundi peke yake. Namba zile ni za plastiki ya kubandika kwa joto. Zinataka mashine ya kugandamiza, nyuzi kama 150, sekunde 15 hivi, na mgandamizo sawa kila kona. Jezi kwanza inapigwa joto sekunde chache kutoa unyevu. Halafu kila aina ya plastiki ina utaratibu wake: nyingine unavua karatasi ya juu ikiwa moto, nyingine mpaka ipoe. Ukibadilisha, inakuja na namba.

Yule alitumia pasi ya nyumbani. Pasi ya nyumbani ina matundu ya mvuke, pale kwenye tundu hapagandi, na joto la katikati si la pembeni. Ndiyo maana zinaanza kuachia kwenye kona za namba. Halafu mnazifua siku hiyo hiyo! Zinasubiri saa 24, zinageuzwa ndani nje, maji ya baridi, na hazianikwi juu ya bati.

Jezi Kuukuu:
Zile zilizobanduka nusu zinaokoka?

Pasi na Uzi:
Kama plastiki haijakunjika, weka karatasi ya kuokea juu yake, gandamiza tena sekunde zile zile. Ikikunjika, bandua yote, safisha gundi, weka mpya. Usiweke gundi ya viatu, itaharibu kitambaa.

Mama Mlangoni:
Mmefika kwenye fedha, sasa semeni na mlangoni. Kiingilio 1,000, tiketi hakuna, unapigwa muhuri wa mkononi ule wa bluu unaofutika kwa jasho. Watu wanaingia, wanatoka, wanampigia mwenzao muhuri kwa kugusanisha mikono. Dawa yake si ngumu: kitabu cha tiketi zenye namba mfululizo, kipande anapewa mtu, kishina kinabaki, mechi ikiisha vishina vinahesabiwa mbele ya watu wawili na fedha inalingana na vishina. Mwenye kushika tiketi asiwe ndiye anayeshika fedha. Sasa hivi anayeuza, anayepokea, anayehesabu na anayesema "leo watu walikuwa wachache" ni mtu mmoja.

Kijiwe Nongwa:
Mama, huyo naye atarudi kumalizia kazi yake.

Mnazi wa Kona:
Jamani tusitoke nje ya mada. Dakika ya 61.

Chokaa Kavu:
Mada ni uwanja. Mistari imechorwa kwa chokaa ya ujenzi. Ile ikikutana na jasho au mvua inachoma ngozi, na ikiingia jichoni ni hospitali. Kipa akijirusha mara tano kwenye mstari wa goli, paja lote linakuwa jekundu. Tumieni rangi nyeupe ya maji, changanya na maji ipite kwenye mashine ya magurudumu, na kama mashine hamna, kamba mbili na brashi. Upana wa mstari usizidi sentimita 12. Wa boksi letu unafika 20 kona moja na nyingine umefifia, mwamuzi anapiga penati kwa kukumbuka.

Filimbi Baridi:
Na mstari ni sehemu ya boksi. Mstari mnene namna hiyo unawaongezea wapinzani penati.

Mti Mkavu:
Kwa hiyo na chokaa ni kosa la kocha?

Beki Mstaafu:
Chokaa hapana. Nguzo ya karibu ndiyo.

Mama Mlangoni:
Na mihogo ya pale upande wa shule imepanda, vipande vitatu 500, kachumbari wanakunyunyizia kama ubani.

Kijiwe Nongwa:
Nenda upande wa mwembe. Vipande vinne, pilipili ya kukaanga, na unakalia benchi. Ila fika kabla ya mapumziko, dakika ya 40 foleni inakuwa ndefu.

Povu Jingi:
Wa mwembe anakaanga mafuta ya jana. Angalia rangi.

Kijiwe Nongwa:
Mafuta yake yana povu kidogo kuliko wewe.

Mnazi wa Kona:
Wakuu, mazoezi ya kwanza chini yake ni kesho saa kumi na moja alfajiri. Nani anakwenda kumwambia?

Jezi Kuukuu:
Mimi naja na jezi sita. Pasi na Uzi, hiyo mashine yako inatumia umeme kiasi gani, maana pale ofisini luku imeisha.